Kiwanja Rahisi Juu ya Jalala la Zamani: Kipi Ulipie, Kipi Uache

Kiwanja kinachouzwa Nchelenge au Kashikishi kwa nusu ya bei ya majirani zake kina sababu, na mara nyingine sababu hiyo iko chini ya udongo. Huenda palikuwa jalala la soko. Huenda palikuwa gereji, au mahali pa kuweka mapipa ya petroli ya injini za boti, au ua ambamo betri chakavu zilivunjwa ili kutoa risasi. Muuzaji atakuambia takataka zilishafukiwa siku nyingi. Anasema kweli: zilifukiwa, hazikuondolewa.

Ninamwandikia mwenye fedha kidogo anayetakiwa kutoa jibu kabla mvua za Novemba hazijaanza: mnunuzi wa kiwanja, kamati ya kanisa yenye kisima cha mashaka, mchuuzi wa dagaa aliyevuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa au Pweto za Kongo kutafuta makazi upande wa Zambia, familia ya makazi ya wakimbizi ya Mantapala inayotaka kuchimba maji yake. Hukumu naitoa mapema, asiye na muda wa kusoma yote aipate: usilipie kusafisha maji ya chini ya ardhi. Lipia vipimo, funika udongo, hamisha chanzo cha maji ya kunywa. Na kama vipimo vimeonyesha risasi au petroli na hujalipa bado, kiache kiwanja hicho.

Tuanze na vipimo, kwa sababu hapo ndipo watu hubana senti na baadaye kupoteza kwacha.

Kwanza, rangi ya maji inadanganya. Visima vingi vya mkoa wa Luapula vina chuma cha asili. Maji hutoka safi, yakikaa kwenye ndoo yanageuka rangi ya kutu, yanatia doa nguo na kuharibu ladha ya chai. Watu huyakimbia. Kumbe maji hayo yanaweza kuwa salama kuliko ya kisima kifupi kando ya jalala, meupe kama kioo, yenye naitreti ya kumdhuru mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti kuwa miligramu 50 kwa lita, na cha risasi mikrogramu 10 kwa lita. Hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuona viwango hivyo.

Kipimo cha kwanza ni cha bei ndogo: kifaa cha mfukoni kinachoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani wingi wa chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Wachimbaji visima wengi wanacho, na mashirika ya maji pia, omba kuazimwa. Pima kisima chako, kisha pima kisima cha jirani aliye juu ya mteremko, mbali na jalala. Namba zikikaribiana, una nafuu ya kuanzia. Yako ikiwa mara mbili au tatu ya ile ya juu, kuna maji yanayopenya kutoka kwenye taka hadi kwako, na sasa una sababu ya kulipia maabara.

Maabara zenye vifaa vya madini na mafuta ziko Lusaka na Ukanda wa Shaba, si hapa. Hapo ndipo gharama za kificho zinapoanza. Bei unayotajiwa kwenye simu ni ya kipimo kimoja kwa sampuli moja. Risasi ni bei yake, naitreti yake, mafuta yake. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 mara nyingi haimo katika namba ya kwanza. Kuna chupa, kuna nauli ya kifurushi kwenye basi, na kuna anayekwenda kukipokea stendi.

Halafu kuna muda. Sampuli ya vijidudu inatakiwa ifike ndani ya siku moja ikiwa kwenye barafu. Kwa umbali wa Lusaka, hiyo ni fedha ya kutupa. Vijidudu vipimwe karibu, kupitia hospitali au ofisi ya afya ya wilaya. Naitreti hubadilika ndani ya siku mbili. Maji ya kupimwa petroli yanataka chupa ya kioo iliyojaa hadi kizibo, bila hewa. Ukiyatia kwenye chupa ya soda umelipia jibu la uongo. Udongo wa kupimwa risasi, kwa upande mwingine, hauharibiki. Tia kwenye mfuko safi, andika ulipochimbwa, panda nao basi. Ndiyo maana kwa mwenye fedha ya sampuli chache tu nashauri: risasi kwenye udongo kwanza, kutoka mahali watoto watakapocheza, mahali pa jiko na mahali panapoonekana paliungua.

Kwa nini risasi itangulie? Kwa sababu sisi ni watu wa ziwa na betri. Uvuvi wa dagaa wa usiku unahitaji mwanga; karabai zimekuwa zikizipisha taa za betri, na nyumba nyingi zina betri ya sola. Betri ikifa, ina kilo kadhaa za risasi ndani yake, na risasi ni bidhaa. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi nje ya Dakar, wahunzi walikuwa wakiyeyusha betri za magari kutengeneza vizito vya nyavu. Baadaye bei ya risasi ilipopanda, watu wakaanza kuchekecha mchanga wa mahali pale kutafuta mabaki ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Hapakuwa na kiwanda kikubwa wala mgodi. Palikuwa na ua tu.

Marekani ilitumia kwa miaka mingi kikomo cha miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi, na mwaka 2024 ikashusha hadi 200. Tumia namba hizo kusoma karatasi ya maabara. Ikizidi 200 na una mtoto wa chini ya miaka sita, usijadiliane bei. Omba urudishiwe amana yako.

Sasa tuseme umekwisha kulipa, au ardhi ni ya familia na huwezi kuondoka. Una njia kadhaa, na mafundi watakutajia ile ya bei kubwa kwanza.

Kuchimba na kuondoa udongo ndiko kunakoonekana kuwa usafi wa kweli. Piga hesabu kabla ya kumwita mwenye lori. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, ukiondoa nusu mita ya udongo, kinatoa mita za ujazo 300. Kwa uzito wa kawaida wa udongo ni kama tani 480, yaani safari 48 za lori la tani 10. Ukitaka kujaza shimo kwa udongo mzuri, safari nyingine 48. Karibu safari mia moja kwa kiwanja kimoja cha nyumba! Zidisha kwa bei ya safari moja unayotajiwa sokoni, kisha uliza swali ambalo mwenye lori hapendi kuulizwa: udongo huu unaupeleka wapi?

Kwa sheria ya mazingira ya Zambia ya mwaka 2011 na kanuni za leseni za 2013, taka hatarishi hazibebwi wala hazitupwi bila leseni ya ZEMA, wakala wa mazingira wa taifa. Dereva asiye nayo atazimwaga kando ya barabara au kwenye bonde linaloshuka ziwani, na wewe ndiye uliyelipa. Kama anayo leseni, bei yake itakuwa na safari ya kwenda mbali na kurudi tupu, na ada ya mahali pa kutupia. Bei ya rahisi na bei ya halali hapa ni bei mbili tofauti kabisa.

Kufunika ni nafuu zaidi, na kwa maskini ndilo chaguo langu. Huondoi sumu, unaizuia isifike mdomoni, miguuni na hewani. Kiwanja kilekile kikifunikwa kwa sentimita 20 ni mita za ujazo 120, safari 19 au 20. Lakini huna lazima ya kufunika kiwanja kizima mara moja. Chukua mita 10 kwa 10 mbele ya nyumba, panapochezewa na kupikiwa: mita za ujazo 20, safari tatu au nne za lori, au kama matoroli 300 kwa vijana wa mtaa. Hilo linawezekana kati ya mavuno na mvua.

Udongo wa kufunikia tunao. Udongo wa kichuguu, uleule wa kufyatulia matofali, una mfinyanzi mwingi. Ukilowanishwa na kushindiliwa unakuwa sakafu. Hakikisha kichuguu chenyewe hakikuota juu ya jalala. Tandaza turubai kuukuu au wavu wa nailoni chini yake kabla ya kumwaga: si kwa ajili ya kuzuia maji, ni alama. Siku mtoto au mbwa atakapochimba na kukuta turubai, utajua kifuniko kimefika mwisho. Inua katikati kidogo ili mvua itiririke. Huku tunapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na maji yanayotuama juu ya jalala ndiyo yanayoshuka na sumu hadi kisimani. Panda majani mafupi pembeni. Usipande mhogo hapo, hata kwa ajili ya kisamvu. Mboga za kuliwa zipande kwenye magunia au matuta yenye udongo ulioletwa.

Kifuniko kina adui wawili: maji ya mvua na vumbi la jirani. Watu wa mji wa Kabwe wanalijua hili kwa gharama. Mgodi wao wa risasi na zinki ulifungwa 1994 baada ya karibu karne nzima, ukaacha milima ya mabaki wazi. Fedha zimeingia: mradi wa mazingira wa Ukanda wa Shaba ulioanza 2003, kisha mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 65 uliopitishwa Desemba 2016 kwa Kabwe na miji ya Ukanda wa Shaba. Katika mtaa wa Chowa, mwaka 2014 na 2015, nyua za nyumba 120 zilisafishwa na kuwekewa udongo mpya. Kazi nzuri. Lakini mabaki ya mgodi yakiendelea kuwa wazi na barabara zikiendelea kuwa za vumbi, upepo unarudisha ulichokiondoa. Kwa mnunuzi wa Nchelenge maana yake ni hii: usifunike ua wako kabla ya kukubaliana na jirani aliye upande wa upepo. Kama yeye bado anavunja betri, fedha yako inapeperushwa naye.

Kuna njia inayotajwa sana sasa ambayo itawavutia watu wa samaki. Fosfati hushikana na risasi na kuifanya ngumu kuyeyuka tumboni, na mifupa ya samaki imejaa fosfati. Mwaka 2011 shirika la mazingira la Marekani lilichanganya mifupa ya samaki iliyosagwa kwenye udongo wa nyua za mtaa wa South Prescott, Oakland, California. Inafanya kazi. Ila soma maandishi madogo. Mifupa ile ilitoka viwanda vya minofu; hapa dagaa wetu huliwa mzima, kichwa na mkia, na mifupa ya samaki wakubwa hutawanyika kwenye kila chungu cha nyumbani. Utahitaji kuikusanya, kuichemsha, kuikausha na kuisaga, la sivyo mbwa na nzi wa Kashikishi yote watakuhamia. Risasi inabaki palepale, imefungwa tu, kwa hiyo kifuniko cha udongo bado unakihitaji. Haisaidii chochote kwa petroli wala naitreti. Na karibu na ufukwe sishauri kabisa: fosfati ikisombwa na mvua kwenda ziwani inalisha magugu ya maji. Ukipata mifupa bure, changanya chini ya kifuniko, mbali na maji. Usiinunue.

Udongo unaonuka dizeli au petroli una habari njema kuliko wa risasi. Risasi haiozi; mafuta huliwa na vijidudu vya udongoni, na joto letu linawasaidia. Chimbua udongo ulioathirika, utandaze sentimita 20 au 30 juu ya turubai, changanya na samadi kidogo, ulowanishe bila kuutia tope, upindue kwa jembe kila wiki. Kwa dizeli tarajia miezi kadhaa. Oili chafu ya injini huchukua muda mrefu zaidi na hubaki na mabaki ya madini. Gharama ni turubai, samadi na mikono. Hasara: unahitaji nafasi, unahitaji kiangazi, na harufu itakugombanisha na majirani. Fanya Mei hadi Septemba. Ukianza Desemba, mvua itaosha mafuta yote hadi kisimani, na ndio msimu ambao uvuvi umefungwa hadi mwisho wa Februari na hakuna mwenye fedha ya kukukopesha.

Kuhusu kusukuma maji machafu kutoka ardhini, kuyachuja na kuyarudisha, nitasema kidogo kwa sababu si bidhaa yako. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichunguza maeneo 77 yaliyotumia njia hiyo na kuripoti 1994 kwamba ni machache tu yaliyofikia lengo. Wenye maeneo hayo walikuwa na umeme wa uhakika, wahandisi na bajeti ya miaka mingi. Mkandarasi akikuahidi kusafisha kisima chako kwa kukisukuma siku tatu na kumwaga klorini, anachokuuzia ni kisima kilichooshwa. Uchafu uko kwenye ardhi inayokizunguka na utarudi mvua ya kwanza.

Klorini na kuchemsha navyo viwekwe mahali pake. Vinaua vijidudu, na katika wilaya ambayo kipindupindu huzitembelea kambi za wavuvi, usiviache. Lakini havigusi risasi wala naitreti. Kuchemsha kunapunguza maji na kuacha sumu ileile katika maji machache zaidi. Mkaa wa jiko uliosagwa si sawa na mkaa maalumu wa chujio. Mashine ndogo za kuchuja kwa shinikizo zinaondoa karibu kila kitu, lakini zinataka umeme, zinamwaga maji mengi kuliko zinayotoa, na vichujio vyake vikichoka, vipya haviuzwi Kashikishi. Bei ya kweli ya mashine ni bei ya vichujio vya miaka mitatu pamoja na nauli.

Kwa hiyo hamisha chanzo. Familia ya watu sita inahitaji kama lita 30 kwa siku za kunywa na kupikia: dumu moja na nusu, madumu 45 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya kioski cha shirika la maji la mkoa kilicho karibu nawe, ongeza malipo ya anayebeba, na hiyo ndiyo namba ambayo kila njia nyingine inapaswa kuishinda. Kisima chenye naitreti kitumie kufulia na kumwagilia maua. Chenye petroli kifunge. Hata kukiinamia kuchota si salama.

Mvua ni mshindani mkubwa wa kioski. Bati la mita za mraba 40 hukusanya zaidi ya lita 30,000 kwa mwaka huku, karibu mara tatu ya maji yako ya kunywa. Tatizo ni kiangazi: kutoka Mei hadi Oktoba unahitaji lita 5,500 zilizohifadhiwa, na tangi la ukubwa huo ndilo gharama yenyewe, pamoja na kulisafirisha kutoka Mansa, kwani mwenye lori hutoza nafasi linayochukua, si uzito wake. Wengi wataona afadhali tangi dogo na mvua miezi sita, kisha kioski miezi sita. Mwaga maji ya mvua ya kwanza, na funika tangi kwa wavu unaobana. Malaria ya Nchelenge haihitaji mazalio mengine ya mbu.

Kisima kipya kirefu ni cha kuchangia, si cha mtu mmoja. Kiwe juu ya mteremko, si upande jalala linakotiririkia. Mchimbaji awe na leseni ya WARMA, mamlaka ya rasilimali za maji, na kisima kisajiliwe. Katika mkataba andika nani analipa shimo likiwa kavu, kwa sababu wengi hutoza kwa mita, maji yakipatikana au yasipopatikana. Andika pia aina ya mabomba ya pampu. Maji yetu mengi yana asidi kidogo. Bomba la chuma lililopakwa zinki huliwa na kutu ndani ya miaka michache na kuongeza wekundu uleule ambao watu wanaukimbia. Bomba la plastiki ngumu au la chuma kisichoshika kutu linagharimu zaidi siku ya kwanza na linakuepusha na fundi kila mwaka. Na usitoe awamu ya mwisho ya fedha kabla hujaona kwa macho yako saruji ikijazwa kuzunguka bomba la juu. Bila hiyo, maji machafu ya juu hushuka pembeni mwa bomba hadi chini, na umechimba mita 50 kunywa maji ya mita tano.

Je, aliyechafua asilipe? Sheria ya Zambia inasema alipe, na ndiyo haki. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa na mahakama shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwezi Julai 2020, na wahusika wakaamriwa wasafishe udongo ndani ya miezi minne au walipe milioni 700 za kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Mahakama ya Juu ikairudisha tuzo hiyo Desemba 2024. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu 2014. Peleka malalamiko yako ZEMA na kwenye halmashauri ya Nchelenge kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri. Ni bure au karibu na bure. Lakini usipange bajeti ya maji ya mwaka huu kwa fedha ya kesi.

Kwa ambaye bado hajalipa: mwambie muuzaji aandike mbele ya mkuu wa kijiji au ofisa wa halmashauri kiwanja kilitumika kwa nini, na kwamba amana inarudi vipimo vya udongo vikizidi kikomo. Akikataa kuandika, una jibu lako bila kulipia maabara.